Usukani Mwepesi

Boneti lilikuwa wazi, na Grisi alikuwa ameinamia injini, macho yake kwenye kikopo cha mafuta ya usukani. Mapovu madogo yalipanda, yakapasuka, yakapanda mengine. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya kazi ile. Ukishafunga pampu, mkanda na mipira ya kupitisha mafuta, unainua magurudumu ya mbele yasiguse chini, unawasha injini, halafu mtu mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva na kuzungusha usukani polepole, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ili hewa iliyonaswa ndani ya mipira itoke. Mwenzake anatazama mapovu. Ni kazi ya watu wawili, na haitaki ufundi mwingi. Inataka subira.

"Kulia, shemeji," alisema Grisi.

Magurudumu yakageuka kulia.

"Polepole. Mpaka mwisho. Hapo hapo. Sasa rudi kushoto."

Yakarudi kushoto.

Mwanzoni yalikwenda kwa kusitasita, kama mkono wa mtoto anayeandika herufi yake ya kwanza. Yalianza, yakasimama, yakaanza tena. Grisi hakuona ajabu. Shemeji yake alikuwa amezoea usukani mgumu, na mtu aliyezoea ugumu huwa haamini wepesi mara moja.

"Usiogope, hauvunjiki," alimwambia. "Kulia tena. Ndiyo hivyo. Umeshaelewa."

Na kweli alikuwa ameelewa. Kila waliporudia, magurudumu yalikwenda laini zaidi, mpaka mwishowe yakawa yanapita kutoka upande hadi upande bila kukwama popote. Mapovu yakaisha. Mafuta yakatulia.

"Safi kabisa," alisema Grisi. "Wewe ukifundishwa mara moja inatosha."

Akafunga boneti. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Shemeji yake alikuwa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, simu sikioni, akibishana na mteja kuhusu urefu wa sketi. Alipomwona Grisi amesimama, alikata simu akavuka.

"Nisamehe, shemeji, huyu mama akishika simu haachii. Haya, tuanze."

"Tuanze nini?"

"Si ulisema nikae nizungushe usukani?"

Grisi alitazama mlango wa dereva. Ulikuwa umefungwa, na kioo kimepandishwa.

"Nimeshamaliza," alisema.

Kutoka upande wa pili wa gereji, fundi rangi, aliyepanga naye eneo lile, alishusha barakoa yake akacheka. "Mama, huyu mtu muombee mke. Nusu saa nzima anaongea na gari. Na analisifu."

Shemeji yake alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. Grisi alishusha jeki, akampa ufunguo.

*

Gari lilikuwa la kaka yake Grisi, mpiga chapa, aliyefariki kabla ya mvua kuanza. Lilikuwa gari dogo la abiria la zamani, refu, rangi ya chai ya maziwa, lenye usukani mpana wa plastiki ngumu nyeusi, mwembamba kama kidole. Kaka yake alilinunua wakati machimbo ya mawe ya nje ya mji yalipofungwa na mali zake kuuzwa. Alilipenda kuliko ndugu, ndivyo walivyozoea kumtania. Lakini usukani wake ulikuwa adhabu. Kuliegesha sokoni ilikuwa kazi ya kuvua koti.

Tena lilikuwa na mvuto. Ukiliacha hata kidogo, lilitaka kushoto. Grisi alilipima magurudumu, akabadilisha ncha za usukani, akabadilisha matairi upande kwa upande. Hakuona kosa, na mvuto ukabaki.

"Nikufungie pawa ya usukani, kaka," alikuwa akimwambia. "Utaliongoza kwa kidole kimoja."

"Sitaki kidole. Uzito huu niachie mwenyewe."

Grisi aliona ni ubishi. Kaka yake alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na kiatu kimoja alichokishona mpaka hakikubaki kiatu, kilibaki uzi.

Baada ya mazishi, gari liliangukia kwa mjane. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mizigo yake ilitakiwa ifike shule za mbali. Alikuwa akirudi nyumbani mikono inamuuma. Grisi alikuwa na pampu na boksi la usukani alilolitoa kwenye gari jipya zaidi lililokufa, akamwambia angemfungia bila malipo yoyote.

"Fanya unavyoona," alijibu shemeji yake.

Siku zile ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Mlango upakwe rangi gani? Fanya unavyoona. Nguo za marehemu tumpe nani? Fanya unavyoona. Hakuwa akilia. Watu walisema amejikaza, wakamsifu. Grisi naye hakuwa akilia. Asubuhi alifungua gereji, jioni akafunga, na katikati mikono yake ilifanya kazi bila kumsumbua. Yeye na shemeji yake walikuwa wakiongea kama watu wawili waliobeba kabati kubwa kwenye ngazi, maneno machache tu, yale ya lazima.

*

Alirudi baada ya siku kadhaa ili Grisi akague mkanda.

"Likoje?" aliuliza Grisi.

"Jepesi."

"Bado linavuta?"

"Halivuti." Alifikiri kidogo. "Linakwenda."

Grisi alifungua mlango ainame kutazama kama mafuta yamevuja chini ya dashibodi, na pua yake ikakutana na harufu ambayo hakuijua ndani ya gari lile. Haikuwa petroli wala ngozi kuukuu. Ilikuwa harufu ya mawe yaliyolowa, baridi, kama ya kisima kilichofunuliwa baada ya kufungwa muda mrefu.

"Umemwaga maji humu?"

"Hapana."

Aliliacha gari likiwa linanguruma, akaenda nyuma kunawa mikono. Shemeji yake alikuwa amekaa kwenye benchi akikata nyuzi za vifungo. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya vidole vya Grisi alipoanza kuusikia mlio wa tairi kusaga kokoto, ukisikika, ukinyamaza, kisha ukisikika tena.

Alitoka huku mikono ina sabuni. Fundi rangi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, bunduki ya rangi imening'inia mkononi. Hakuna aliyekuwa karibu na gari. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakigeuka taratibu, kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, halafu kulia tena, kwa utulivu, bila haraka, kama mtoto mwenye bidii aliyeambiwa arudie somo lake nyumbani.

"Grisi," fundi rangi alinong'ona. "Zima hiyo kitu."

Grisi aliingiza mkono dirishani, akazima. Magurudumu yakasimama yakiwa yametazama kushoto.

"Ni vali," alisema. "Vali ikikwama ndani ya boksi, usukani unaweza kugeuka wenyewe. Inatokea."

"Inatokea kwa zamu hivyo? Huku na huku?"

Grisi alikwenda kuchukua spana. Siku hiyohiyo alilifungua boksi lote mezani, akaitoa vali, akaiosha, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa safi kama kijiko. Aliirudisha mahali pake. Angeweza kumwambia shemeji yake neno, lakini ni neno gani? Alimkabidhi gari, akamwambia aendeshe kwa uangalifu.

"Wala siendeshi sana siku hizi," alijibu shemeji yake, akaondoka.

*

Sentensi hiyo ilimkaa Grisi kichwani. Hatimaye alimwomba ampe lifti kwenye safari moja ya kupeleka sare, akidai anataka kuusikiliza mkanda.

Kwenda kulikuwa kwa kawaida. Shemeji yake alishika usukani kwa mikono yote, vifurushi vya sare vikiteleza nyuma kwenye kila kona. Walishusha mzigo. Mwalimu mkuu akalalamikia vifungo, akajibiwa. Jua lilikuwa limeanza kulala walipogeuza kurudi mjini.

Kwenye njia panda, shemeji yake alipunguza mwendo.

"Ulitaka kusikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Basi sikiliza."

Akauachia usukani, akaiweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu aliyemaliza kula.

Usukani uligeuka kushoto.

Haukutikisika wala kuruka, uligeuka kwa mkato mmoja safi, ukaliingiza gari kwenye barabara ya vumbi ambayo Grisi hakuwa ameipita tangu machimbo yafungwe, kisha ukajirudisha katikati na kulishikilia gari hapo, ukisahihisha kidogo kila palipokuwa na shimo, ukikwepa jiwe, ukirudi, na wakati huo harufu ya mawe mabichi ilikuwa imejaa ndani mpaka Grisi aliionja ulimini, na vioo vilikuwa vimeanza kupata ukungu kwa ndani ingawa nje kulikuwa na joto. Alitazama usukani kwa sababu hakuweza kutazama pengine. Juu ya plastiki nyeusi palikuwa na alama za unyevu, kama zile zinazobaki mtu akipumulia kioo, na alama hizo zilizunguka na usukani, zikaachia, zikashika mahali pengine, na alipojaribu kuziona vizuri akatambua kwamba zilikuwa nyingi mno kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Shika."

"Subiri."

"Shika usukani, nakuomba."

"Mimi nakanyaga, yeye anashika. Tumegawana kazi. Usiogope, mwendo ni wangu."

Walipita daraja dogo. Walipita geti la machimbo, bawa lake moja limelala kwenye nyasi. Mbele yao barabara iliteremka kwenye changarawe, na mwisho wa changarawe kulikuwa na maji. Tangu pampu za machimbo zizimwe, shimo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na maji yake yalikuwa meusi, tulivu, hayaonyeshi hata mbingu.

Gari lilielekea majini kama mtu anayeelekea kitandani.

Grisi alikuwa ameshika breki ya mkono wakati shemeji yake alipokanyaga breki. Walisimama. Kokoto chache ziliendelea zenyewe, zikaingia majini bila mlio mkubwa. Usukani ulitikisika mara moja, kidogo, kama mtu anayekuvuta mkono kukukumbusha safari.

"Mara ya kwanza niliishia njia panda," alisema shemeji yake. "Mara nyingine darajani. Halafu getini. Leo tumefika mbali kuliko siku zote, labda kwa sababu upo."

"Unadhani ni kaka?"

Alimtazama Grisi kwa mshangao, na mshangao huo ulikuwa kitu cha kwanza Grisi alichokiona usoni pake kwa muda mrefu.

"Kaka yako? Kaka yako alikuwa anapanda ukingo kila kona. Huyu anaendesha vizuri. Hapana, shemeji. Najua si yeye."

"Sasa kwa nini unamwachia?"

Injini ilinguruma polepole.

"Tangu msiba, kila kitu nakishika mimi," alisema. "Mlango nikiuacha unabaki wazi. Ndoo nikiiacha inabaki palepale. Naamka nashika, nalala nimeshika. Hiki kimoja nikikiachia, kuna anayekidaka. Sijali ni nani."

"Na siku utakapofika majini, utakanyaga breki?"

"Mpaka leo nimekanyaga."

"Nakuuliza siku nyingine."

"Siku nyingine sijui," alisema kwa upole, kana kwamba anamjibu mteja kuhusu tarehe ya kuchukua nguo. "Usinitazame hivyo. Sijasema nataka kufa. Nimesema nimechoka kushika."

Kisha akashika usukani kwa mikono yake, akaurudisha kwa nguvu, akageuza gari.

"Kurudi naendesha mwenyewe," alieleza. "Yeye kurudi hataki."

*

Fundi rangi ndiye aliyemjua mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa plastiki, aliyekuja gereji mchana kweupe na kuomba kwanza aonyeshwe choo, kisha gari. Hakutaka moshi wala ngoma. Alimsikiliza Grisi tangu mwanzo hadi mwisho, akimkatiza kama daktari.

"Ulipokuwa unasema kulia, kushoto, ulimtaja mtu?"

"Nilisema shemeji, mama. Nilidhani ni yeye."

"Ukamsifu?"

"Nilimsifu."

"Ulimwambia basi, inatosha, shuka?"

Grisi alijaribu kukumbuka. "Hapana. Nilifunga boneti tu."

Mganga alitikisa kichwa. Aliomba maji kwenye glasi, akaiweka juu ya dashibodi na kumwambia Grisi awashe injini. Gari lilikuwa limesimama mahali tambarare, lakini maji ndani ya glasi yaliinama upande wa kushoto, yakabaki yameinama, ukingo wake umepanda kioo cha glasi bila kumwagika. Fundi rangi alirudi nyuma hatua kadhaa, kisha akakumbuka kuna kazi inamsubiri.

"Huyu ni wa kule machimboni," alisema mganga. "Walipopasua mawe, walipasua na nyumba za watu. Waliokuwa wakikaa ndani ya mawe walitoka, kila mmoja akajibanza anapopaona. Huyu alijibanza humu, na chuma kikimshika jini hakimwachii. Anakotaka kwenda, lazima chuma kiende naye. Miaka yote alikuwa anauvuta huu usukani kuelekea kwao, ila mikono ya viumbe hawa haina uzito. Marehemu alimshinda kila siku kwa misuli, na nadhani alijua."

Grisi alikumbuka kaka yake akisema aachiwe uzito wake. Alitazama chini.

"Halafu mimi nikamwekea pampu," alisema.

"Ukamwekea pampu, ukamkalisha, ukamfundisha, ukamtia moyo. Hakuna aliyewahi kumsemesha huyu kiumbe vizuri tangu nyumba yake ivunjwe."

"Ana ubaya na sisi?"

"Wala. Anataka kwao. Kwao kuko chini ya maji, na hajui kwamba nyinyi mkiwa chini ya maji hampumui." Mganga alivua miwani, akaifuta. "Chuma kitamwachia ikiwa wale aliozoeana nao watamwambia ashuke. Wote. Akibaki mmoja anayemtaka, habanduki. Mwite mwenye gari."

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote, sindano zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake.

Mganga aliwakalisha ndani, Grisi kiti cha abiria, mjane kiti cha dereva, yeye mwenyewe akakaa nyuma. Injini ilikuwa ikinguruma. Baridi iliwafikia miguuni, ikapanda mpaka magotini. Usukani ulikuwa ukisogea kidogo kidogo, huku na huku, ukingoja.

"Anza wewe," mganga alimwambia Grisi.

Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani. Alihisi kama anamfukuza darasani mwanafunzi asiye na kosa. "Basi," alisema. "Umefanya vizuri. Inatosha. Shuka."

Usukani ukasimama. Upande wa Grisi, ukungu kwenye kioo ulififia polepole, na kwa mbali akaanza kuuona ukuta wa gereji, mapipa, bati la fundi rangi. Upande wa dereva kioo kilibaki cheupe.

"Sasa wewe, mwanangu," alisema mganga.

Mjane alitazama usukani. Alama za unyevu zilikuwa zimehama zote upande wake, zimekusanyika karibu na mapaja yake, mahali ambapo mikono yake ilikuwa imelala.

"Shemeji," alinong'ona Grisi. "Ni neno moja tu."

Alifungua mdomo. Grisi aliuona ulimi wake ukianza. Kisha akaufunga, polepole, kama mtu anayefunga kabati ambalo ndani yake kuna mtoto amelala.

Mganga alifungua mlango wa nyuma, akashuka, akamvuta Grisi kando.

"Mimi nimefika mwisho," alisema. "Ningekuwa na dawa ya kumtoa jini, ningekupa. Dawa ya mtu anayependa kushikiwa sina."

"Nifanye nini, mama?"

"Mpunguzie jini nguvu. Mengine si yako."

Siku hiyohiyo Grisi alifungua pampu, mkanda na mipira, akalitoa boksi jipya, akarudisha lile la zamani lenye uzito wa miaka yote. Pampu aliiweka juu ya chuma akaipiga nyundo mpaka sikio la pampu la kufungia bolti likavunjika, isimfae mtu. Shemeji yake alimtazama akifanya yote hayo na hakumzuia.

"Liuze," Grisi alimsihi alipomaliza. "Au liache hapa, nitakutafutia jingine."

"Nani atalinunua? Na huyo atakayelinunua ana kosa gani?" Alijaribu usukani. Haukusogea mpaka alipoinuka kidogo kwenye kiti. "Mzito," alisema.

"Ndiyo. Ila ni wako."

"Ni wangu," alikubali. Akamshukuru, akaondoka akipigana na usukani kulipitisha gari getini.

*

Grisi alipata usingizi tena. Asubuhi aliona gari likipita mbele ya gereji, shemeji yake amekunja uso, viwiko vimetanuka, anaukokota usukani kona ile ya duka la vifaa kama mtu anayekokota godoro. Alifurahi kuiona taabu ile. Jioni alikwenda kwake, akakaa kwenye kiti cha wateja huku cherehani ikilia, na wakaongea kuhusu bei ya vitambaa. Mara moja tu shemeji yake alicheka, Grisi alipomsimulia jinsi fundi rangi alivyopaka mlango wa gari la mtu rangi isiyo yake. Grisi aliona hiyo ni dalili njema, akairudia moyoni njiani kwenda nyumbani.

Kisha ikapita wiki moja hakumwona. Alipopiga simu, alijibiwa kwamba kuna kazi nyingi, sare za muhula mpya, asijali.

"Gari je?"

"Gari zima tu."

"Mikono haiumi?"

"Haiumi," alisema shemeji yake, na Grisi aliridhika na jibu hilo mpaka alipokata simu.

Mafundi wa kumfungia shemeji yake pampu nyingine ni wengi mjini, na pampu kwenye magari yaliyokufa ni nyingi zaidi. Hilo alilifikiria baadaye, akiwa amesimama getini mchana, spana mkononi, akitafuta mteja aliyesema atakuja. Gari la rangi ya chai lilitokea upande wa soko. Lilikuwa limeoshwa. Kiti cha nyuma hakikuwa na kifurushi hata kimoja. Lilikata kona ya duka la vifaa kwa mkato mmoja laini, bila kukwama popote, likapita katikati ya baiskeli mbili na mkokoteni wa mchanga kwa nafasi ambayo kaka yake asingethubutu, na vioo vyake vyote vilikuwa vyeupe kwa ukungu isipokuwa duara dogo upande wa dereva, ambalo mtu alikuwa amelifuta kwa kiganja.

Kwenye duara hilo alimwona shemeji yake. Uso wake ulikuwa umepumzika. Hakuwahi kumwona amepumzika hivyo, hata siku ya harusi yake.

Alimwona Grisi, akainua mkono wa kulia, akampungia.

Grisi akainua wake.

Shemeji yake akainua na wa kushoto. Akampungia kwa yote miwili, taratibu, kama watoto wanavyopunga kutoka kwenye basi la shule, huku gari likiendelea na safari yake mpaka njia panda, likageuka kushoto.

Spana ilianguka. Grisi alikuwa tayari anakimbia, viatu vyake vizito vikipiga lami kisha vumbi, fundi rangi akimwita nyuma yake, na mbele yake gari likizidi kuwa dogo kwenye barabara ya machimbo, halina haraka, mwendo ni ule ule. Hakutazama kitu kingine. Alikimbia huku amezikazia macho taa zile mbili nyekundu za breki, akizingoja ziwake.